Yangeyange Aliyefukua Mifupa

Mashariki ya mbali, kule jua linakoamkia, ipo milki ya visiwa 7,641, na hesabu hiyo yenyewe ni ya juzi tu, kwani wapima nchi walipokwenda kuhakiki waliona vingine zaidi ya 500 ambavyo mababu zao hawakuvitia daftarini. Ni nchi ya milima ya moto, ya mikoko na minazi, ya majaruba ya mpunga yaliyochongwa milimani ngazi juu ya ngazi, na ya tufani zinazoingia bila hodi mwaka hadi mwaka. Wanyama wake ni wakarimu, wacha Mungu, hodari wa kuimba, wavumilivu wa shida zisizovumilika, na wepesi wa kuwasamehe wakubwa wao hata kabla wakubwa wenyewe hawajakumbuka kuomba radhi. Nitakayosimulia yalitokea huko, na kwa kuwa wengi walioyatenda wangali hai, nitawaita kwa manyoya na magamba yao, na mwenye macho atawatambua kwa mwendo.

Kusini-mashariki mwa kisiwa kikuu, katika nchi ya mlima wa moto unaosifiwa duniani kote kwa unyoofu wa umbo lake, alianguliwa mwaka 1959 yangeyange mmoja wa kike. Baba yake alipata kuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wa kura katika milki, hivyo binti alikulia katika nyumba iliyojua vizuri namna hesabu za masanduku zinavyotoka na namna zinavyotolewa. Yangeyange tunamjua sote: ni ndege mweupe wa mashambani, shingo ndefu na miguu myembamba, apandaye mgongoni mwa nyati akamtoa kupe mmoja mmoja, kazi ambayo nyati huishukuru na kupe huichukia hadi kufa. Huyu wetu aliifanya kazi ya ukoo wake kwa sheria. Alifanya mtihani wa mawakili wa milki mwaka 1985 akashika nafasi ya 8, kisha kwa miaka mingi akawa wakili wa mashauri ya kura, kazi isiyo na sifa nyingi wala ngoma za kumpokea mtu, mpaka mwaka 2008 Malkia wa zama hizo, njiwa mfupi wa kimo na mrefu wa mahesabu, alipomwita akamkabidhi uongozi wa Baraza la Haki za Viumbe.

Baraza hilo lilikuwa na jina kubwa na meno machache. Lilikuwa na ruhusa ya kuuliza, kuandika na kupendekeza; kukamata halikuweza. Wakubwa wengi hulipenda baraza la namna hiyo, kwa kuwa huwapa kitu cha kuwaonyesha wageni bila kumtia mwenyeji hofu. Yangeyange alipoketi kwenye kiti chake akauliza swali lililokuwa likizungukwa na wote: huko Ghuba ya Kusini, wale wanaokufa usiku wanauawa na nani?

Ghuba ya Kusini ilikuwa chini ya Mamba. Alikuwa mudiri wake kwa miaka zaidi ya 20 ukijumlisha vipindi vyote, akisifiwa hata na wageni kwa usafi wa njia na utulivu wa masoko, na kweli njia zilikuwa safi. Wenyeji walimwita Baba. Baba alizunguka usiku mwenyewe, alitukana hadharani bila kuchagua mwenye kutukanwa, na wezi wadogo na walaji wa uyoga wa kulevya walikutwa alfajiri wamelala pembeni mwa njia na majeraha ya kisu au mshale. Ilisemekana lipo Kundi la Usiku. Wengi walilijua na wachache walilitaja, na hao wachache hawakulitaja mara ya pili.

Mwaka 2009 Yangeyange alifunga safari hadi Ghuba ya Kusini, akafungua kikao cha hadhara katika mji wa Mamba, akamwita Mamba mwenyewe aje kujibu. Mamba akaja. Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana hekaya nzima imefungwa hapo: mtawala ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumwuliza jambo aliketi mbele ya umma, na ndege mwembamba wa shambani akamwuliza, naye akalazimika kukana. Kisha Yangeyange akaenda na wachimbaji hadi machimbo ya mawe nje ya mji, mahali palipodaiwa kuwa makaburi ya siri, wakachimba, na mifupa ikaonekana. Kesi haikufika popote. Mashahidi waliingiwa na hofu, karatasi zikahama kutoka ofisi hii hadi ile, na vumbi likafanya kazi yake. Lakini Mamba alikuwa ameonekana akiulizwa, na kwa mtawala wa aina yake hilo ni deni lisilofutika. Akaliweka mahali pa baridi, akangoja.

Mwaka uliofuata Malkia akamaliza zamu yake, mfalme mpya akamfanya Yangeyange kuwa Waziri wa Sheria, na hapo akaanza kutoa kupe wakubwa. Malkia yule yule aliyempandisha cheo alipotaka kusafiri nje mwaka 2011, akiwa katika kiti cha magurudumu na shingo yake imefungwa kwa tiba, Yangeyange alimzuia uwanjani, ingawa Makobe Wakuu wa mahakama walikwisha toa amri aruhusiwe. Siwezi kulipamba tendo hilo. Amri ya mahakama ni amri, na mlinzi wa sheria anayechagua amri ya kutii huwakopesha adui zake fimbo. Adui za Yangeyange waliipokea wakaitunza. Mwaka 2014 wakakamatwa ngiri watatu wa Baraza la Juu, wazee wenye majina yanayoimbwa, kwa tuhuma za kuchota mpunga wa ghala la umma kupitia vyama hewa vya hisani. Milki ilishangaa, kwa kuwa ngiri wa kiwango hicho hawakuwa wamezoea kuonekana nyuma ya nondo.

Na mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo Yangeyange akaingia Pango Kuu la Wafungwa. Humo, mahali palipojengwa kwa ajili ya toba, alikuta panya buku wa biashara ya uyoga wakiishi kisultani: vyumba vyenye mashine za kupoza hewa, birika la kuogea linalobubujika maji ya moto, fedha taslimu, na jukwaa la muziki la mfungwa mmoja aliyekuwa akirekodi nyimbo zake humo humo gerezani. Biashara yao ya uyoga waliiendesha kutoka ndani, wakilindwa na kuta zilizojengwa kwa fedha za umma. Yangeyange akaamuru vyumba vivunjwe na wakubwa wao wahamishwe. Wakosoaji waliuliza kwa nini alichelewa miaka minne kuingia pango lililokuwa chini ya wizara yake, na swali hilo ni la haki. Panya nao hawakuwa na swali. Walimkariri sura tu.

Sasa twende 2016, mwaka wa makofi.

Mamba aliamua kuutaka ufalme wa visiwa vyote. Aliahidi jambo moja tu kwa lugha ambayo kila mmoja aliielewa: atamaliza uyoga wa kulevya ndani ya miezi 3 hadi 6, atawaua wanaoula na wanaouuza, na maiti zao atazitupa katika ghuba ya mji mkuu mpaka samaki wa humo wanenepe. Hakunong'ona. Hakuyasema hayo chumbani kwa wapambe, bali jukwaani, mchana, vipaza sauti vikiwa vimefunguliwa, na wanyama wakapiga makofi. Akina mama wenye watoto mgongoni walipiga makofi. Wachungaji wa roho walicheka kwa aibu kidogo kisha nao wakapiga. Kila mmoja aliamini kwamba atakayenenepesha samaki ni mtoto wa jirani. Waliomchagua walizidi milioni 16, na katika msafara wa mamba kenge wamo, kwa hiyo kenge wa kila rangi waliacha vyama vyao vya jana wakajipanga nyuma ya mkia wake kabla hata ya kuapishwa.

Katika kura hiyo hiyo Yangeyange aligombea Baraza la Juu. Nafasi zilikuwa 12, naye akaingia kwa nafasi ya 12.

Ufalme mpya ulianza mwezi Juni ukiisha, na kazi ikaanza usiku ule ule. Ilipewa jina la upole, Hodi na Ombi: askari wabishe mlango, wamwombe mlevi wa uyoga aache. Kilichofuata baada ya hodi kiliandikwa kwa maneno yale yale katika taarifa baada ya taarifa, kwamba mshukiwa alipigana, ikabidi auawe. Vilema walipigana. Waliolala walipigana. Wengine waliuawa na tumbili wawili waliofunika nyuso zao, wamepanda mnyama mmoja, mbele mwendeshaji na nyuma mpiga mshale, wakaja na kutoweka. Na shingoni mwa marehemu likaachwa jani la mgomba lenye maandishi ya kusema huyu alikuwa mchuuzi wa uyoga, msimwige. Waliokufa walikuwa wa vibanda vya mabati kando ya mito michafu na reli: wabeba mizigo, waokota taka, madereva wa vijigari vya miguu. Ikulu yenyewe mwishoni ilikiri zaidi ya 6,000 katika operesheni zake; mashirika ya haki yalisema jumla ni kubwa mara kadhaa. Wauzaji wa uyoga wenye majumba ya vioo hawakubishiwa hodi kwa mtindo huo.

Yangeyange alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Baraza la Juu. Mwezi Agosti, ufalme ukiwa haujatimiza miezi miwili, akafungua uchunguzi. Wenzake walimshauri angoje. Baba anapendwa, walisema, na mto uliofurika hauvukwi kwa kuogelea. Hakungoja. Mwezi Septemba akamleta mbele ya baraza fungo mmoja, mnyama wa usiku, aliyekiri kwamba alikuwa katika Kundi la Usiku la Ghuba ya Kusini, akasimulia kwa sauti isiyopanda wala kushuka jinsi walivyoua, wapi walizika, na nani aliyetoa amri. Baadhi ya maelezo yake yaligongana, nao walioyataka yagongane walishika hapo hapo. Siku chache baadaye wenzake Yangeyange katika Baraza la Juu walipiga kura kumwondoa katika kiti cha kamati. Uchunguzi ukaendelea bila yeye, ukafikia tamati kwamba hakuna ushahidi wa mfalme kuhusika.

Na tangu Agosti hiyo hiyo Mamba alikuwa amekwisha litoa deni lake mahali pa baridi.

Yangeyange, kama walivyo ndege wote wa ukoo wake, hakutembea peke yake. Alikuwa na nyati aliyembeba, dereva wake na mlinzi wake kwa miaka. Na katika miaka hiyo alimpenda. Yalikuwa mapenzi ya viumbe wawili wazima, ambayo hayakumfaidia wala kumgharimu raia yeyote wa visiwa vile, na kama yalikuwa na dosari, basi dosari hiyo ilikuwa na wenyewe wa kuilalamikia nyumbani kwao. Mfalme wa milki nzima, aliyekuwa na vita vya kupigana, mafuriko ya kuzuia na njaa ya kushibisha, alisimama jukwaani akayatangaza mapenzi hayo, akadai nyati ndiye mpokea fedha za panya, na wapambe wake wakatishia kuonyesha picha za faragha ndani ya ukumbi wa bunge.

Baraza la Chini likafungua kikao. Nakaa kidogo hapa kwa sababu sijawahi kuona mahali pengine ambapo taifa lilijidhalilisha kwa bidii kiasi hicho. Kwanza waliletwa panya buku, wale wale waliovunjiwa birika la maji ya moto, wakaahidiwa kwamba hawatashtakiwa kwa watakayosema, nao mmoja baada ya mwingine wakaapa kwamba Yangeyange ndiye aliyekuwa mlezi wa biashara yao na kwamba walimpelekea fedha agombee. Hakuna aliyewauliza kwa nini mlezi wao aliwabomolea nyumba. Kisha mwezi Novemba akaletwa nyati, akiwa ametoka mafichoni, na waheshimiwa wenye wake na waume majumbani, wenye vyeti vya vyuo na misalaba vifuani, wakamwuliza jinsi alivyompenda na alivyopendwa, uhusiano ulikuwa na joto kiasi gani, ulifika kilele lini. Waliuliza wakicheka. Ukumbi ulicheka. Milki ilitazama kikao hicho moja kwa moja, ikala chakula cha mchana huku ikitazama, na mchana huo huo, katika vibanda vya mabati, kulikuwa na matanga.

Na ilikuwa imekusudiwa hivyo hivyo. Mifupa ni mizito kuitazama. Kitanda cha mwanamke ni rahisi. Kasuku wa kulipwa waliotawanywa kwenye kila mti wa visiwa 7,641 walirudia jina lake pamoja na neno chafu, asubuhi na jioni, mpaka watoto waliokuwa hawajui kusoma walimjua Yangeyange kwa neno hilo pekee. Walikuwepo waliokataa. Kuku, bata na njiwa wa mijini na vijijini, walipoona tishio la picha za faragha, walijitokeza kwa mamia wakasema kila mmoja kwa jina lake: aliyemo katika picha hizo ni mimi, niiteni mimi nije kutoa ushahidi. Tendo hilo limebaki kuwa mojawapo ya mambo mazuri kabisa yaliyofanywa na raia wa kawaida katika milki ile, na picha hazikuonyeshwa ukumbini. Hata hivyo kazi ilikuwa imekwisha fanyika.

Tarehe 24 Februari 2017 walimkamata. Alikuwa amelala usiku huo katika jengo la Baraza la Juu, asubuhi akajitokeza mwenyewe mbele ya askari. Kulikuwa na mashtaka matatu, yote ya uyoga, na katika yote matatu haukuonyeshwa mahakamani hata uyoga mmoja ambao yeye aliuuza, aliununua au aliugusa. Kulikuwa na maneno ya panya na ya waliowasimamia panya. Siku iliyofuata kukamatwa kwake ilikuwa kumbukumbu ya siku ambayo mwaka 1986 wanyama wa milki ile, watawa mbele na wauza maua nyuma, walisimama katika barabara kuu kuwazuia vifaru, wakamng'oa Tausi aliyewatawala kwa miaka 20. Ngome ya askari iliyo kando ya barabara hiyo, ambayo umma uliizunguka kwa miili yake ili isishambuliwe, ndimo alimofungiwa Yangeyange. Wawili kati ya ngiri watatu aliowatia ndani walikuwa bado humo humo.

Akapeleka malalamiko kwa Makobe Wakuu. Wakayazungusha, wakayapima, na mwezi Oktoba wakaamua kwa kura 9 dhidi ya 6 kwamba abaki ndani. Mmoja wa wale 6 alikuwa Kobe Mkuu mwenyewe, naye wa kike. Mwaka uliofuata makobe wenzake walimvua kiti kwa kura 8 dhidi ya 6, kwa hoja ya karatasi za mali ambazo hazikukamilika siku ya kuomba kazi. Wanawake wa milki ile waliokuwa wakijifunza sheria waliliona hilo vizuri.

Kesi za Yangeyange zilitembea kwa mwendo wa makobe wa chini: huyu akajitoa, yule akastaafu, mwingine akahamishwa, na kila akija mpya, shahidi anangojewa upya. Dhamana ilikataliwa. Hakuwa na simu wala mtandao. Aliandika kwa mkono, barua juu ya barua, mamia yake, na wasaidizi wake wakazichapa nje ili milki isome maoni ya mjumbe wake aliyeko ndani. Aliandaa miswada ya sheria, akaitia saini, ikapelekwa katika baraza ambalo hakuruhusiwa kuingia wala kupigia kura. Paka wasio na kwao walioingia ngomeni aliwalisha. Mama yake alipougua sana, mwaka 2019, aliruhusiwa kwenda kumwona katika nchi ya mlima wa moto chini ya ulinzi, akarudishwa.

Akiwa humo ndani, Agosti 2017, kinda wa miaka 17 alikokotwa na askari hadi kichochoro cha giza karibu na zizi la nguruwe. Waliomshuhudia walisema aliwaomba wamwache kwa sababu kesho yake ana mtihani. Askari waliandika maneno yao ya siku zote, kwamba alipigana. Lakini safari hii kulikuwa na jicho la kamera ukutani lililoona alivyoburutwa. Watatu walihukumiwa mwaka 2018. Kesi za namna hiyo zilizofika kwenye hukumu zinahesabika kwa vidole.

Ufalme wa Mamba ulipokaribia ukingoni, mwaka 2022, ndimi zikaanza kulegea. Panya mmoja mwenye jina kubwa katika biashara ya uyoga alitangaza kwamba aliyoyasema juu ya Yangeyange yalikuwa ya kutungwa, na kwamba alitishwa. Msimamizi wa zamani wa Pango Kuu, ambaye ushahidi wake ulikuwa nguzo ya shtaka zima, naye akasema alishurutishwa. Nyati naye akakana. Mtu angedhani mlango ungefunguliwa jioni hiyo, maana shtaka lililosimama juu ya maneno halina pa kusimama maneno yakiondolewa. Alikaa ndani mwaka mmoja na nusu mwingine. Katika kipindi hicho aligombea tena Baraza la Juu kutoka kizuizini akashindwa, kwa kuwa kasuku hawakuwa wamekana chochote. Na asubuhi moja ya Oktoba 2022 nyoka watatu waliofungwa katika ngome hiyo hiyo walimjeruhi mlinzi aliyeleta kifungua kinywa, na mmoja akamkamata Yangeyange, akamfunga macho, akamshikilia akitishia kumwua mpaka askari walipomwua nyoka huyo mbele yake. Wote watatu waliuawa. Huyo ndiye mfungwa ambaye milki iliambiwa ni hatari kuachiwa kwa dhamana.

Shtaka la kwanza lilikuwa limekwisha anguka mwaka 2021, la pili likaanguka Mei 2023, na tarehe 13 Novemba 2023 akapewa dhamana kwa la tatu, baada ya miaka 6 na miezi zaidi ya 8. La tatu likafutwa Juni 2024. Hata hapo makobe wa rufani wakairudisha hukumu moja wakisema haikuandikwa ipasavyo. Kobe wa chini akaiandika upya kwa urefu zaidi, na neno la mwisho likabaki kuwa hana hatia.

Na Mamba? Kitini alikuwa ameketi mwana wa yule Tausi aliyeng'olewa mwaka 1986, kwa muungano na binti wa Mamba. Nyumba hizo mbili zilikula sahani moja kwa muda, kisha zikagombania mifupa ya sahani. Ndipo, tarehe 11 Machi 2025, Mamba akirudi kutoka safari, alikamatwa uwanjani, na kabla jua halijaamka tena juu ya visiwa alikuwa angani akipelekwa katika nchi ya baridi ambayo sehemu yake iko chini ya usawa wa bahari, iliko mahakama ya mataifa. Wanyama wengi walisema haki imefika. Mimi naheshimu furaha ya wafiwa, walioingojea kuliko sisi sote, lakini sitaacha kusema kwamba waranti iliheshimiwa baada ya wakubwa kukosana. Wangeendelea kupatana, Mamba angekuwa akiota jua kando ya ghuba yake hadi leo, na mifupa ya machimboni ingekuwa mizito vile vile.

Kura ilipigwa tena tarehe 12 Mei 2025. Ghuba ya Kusini ilimchagua Mamba, akiwa kizuizini ng'ambo ya bahari, kuwa mudiri wake tena, na hakuna mpinzani aliyemkaribia. Siku hiyo hiyo chama kidogo cha Yangeyange kilipata kiti kimoja katika Baraza la Chini, naye akaenda kukikalia, upande wa wachache, katika baraza lile lile lililomwuliza nyati mapenzi yalifika kilele lini.

Makaburi ya maskini katika mji mkuu hukodiwa kwa miaka mitano. Muda ulipokwisha, wafiwa wa Hodi na Ombi wasioweza kulipa walilazimika kuwatoa marehemu wao, na mganga wa maiti, mwanamke mtulivu asiyependa makuu, akaanza kuyatazama mafuvu yao moja baada ya jingine. Alikuta matundu ya mishale katika vichwa ambavyo vyeti vyao vya kifo viliandikwa homa ya mapafu, au maradhi mengine ya kitandani. Baba mmoja, ambaye mwanawe hakuwa ametimiza miaka 10 alipopigwa na mshale uliomkosa mwingine, alizunguka mahakamani kwa miaka ili karatasi ya mwanawe iseme ukweli. Mahakama ya chini ilimkatalia, makobe wa rufani wakamkubalia, na cheti kikaamriwa kusahihishwa. Ni cheti kimoja. Vingine vingi bado vinasema homa ya mapafu, na anayetaka kuvisahihisha anatakiwa aanze pale pale alipoanza baba huyu, kwa gharama yake mwenyewe, mbele ya karani.